Ule wekundu wa salmoni na kamba: tuongee ukweli kuhusu astaksanthini na moyo

Kuna rangi moja ya baharini ambayo siku hizi inauzwa kama dawa ya moyo, inaitwa astaksanthini. Ndiyo iliyo kwenye nyama ya salmoni, kwenye ganda la kamba na kaa, kwenye mafuta ya krili, wale viumbe wadogo wa baharini wanaofanana na kamba, na ndiyo imejazwa kwenye zile kapsuli nyekundu iliyokolea zenye maandishi ya kuvutia kwenye lebo, antioksidanti (kitu cha kuzuia oksijeni kuharibu mafuta na seli) kali kuliko zote, inasafisha mishipa, inalinda moyo na kadhalika. Mi hii molekuli naipenda kwa dhati, nimesoma habari zake sana, na naamini ni kati ya vitu vizuri kabisa ambavyo bahari imetupa. Ndo maana inaniuma nikiona inasemewa mambo ambayo haijaonyeshwa kuyafanya, hasa anayeambiwa akiwa mtu mwenye presha au kolesteroli ya juu ambaye tayari ana dawa zake mezani na anatafuta sababu ya kuziacha.

Kwa hiyo leo tukae nayo taratibu, tuanzie inakotoka.

Salmoni hatengenezi wekundu wake mwenyewe. Kamba naye hivyo hivyo, flamingo naye hivyo hivyo, na sisi pia, wanyama karibu wote hatuna uwezo wa kuunda karotenoidi, yaani rangi za ukoo huu, kuanzia mwanzo, tunazipata kwa kula. Wanaoziunda ni mimea, mwani, bakteria na aina fulani za hamira. Anayesifika zaidi kwa astaksanthini ni mwani wa seli moja anaitwa Haematococcus pluvialis, ambaye ukweli ni kwamba anaishi kwenye vidimbwi vya maji baridi na wala sio baharini, ila ndiye anayefugwa kwa wingi kwa ajili ya kapsuli. Maisha yakiwa mazuri kwake anakuwa wa kijani na anaogelea. Jua likiwa kali na naitrojeni ikapungua, anaacha kuogelea, anajiviringa, anajijengea ukuta mnene na kuanza kujijaza rangi nyekundu mpaka inafika kama asilimia 4 ya uzito wake akishakaushwa. Yaani ile rangi ni ngao yake ya jua. Hilo likumbuke, litatusaidia huko mbele.

Baharini kazi hiyo inaanzia kwa mwani mdogo na wale wadudu wadogo wanaoelea, krili anakula, salmoni anakula krili, na rangi inapanda hatua kwa hatua mpaka kwenye sahani. Salmoni mwekundu wa Pasifiki, yule wanamwita sockeye, ndiye amekolea kuliko wenzake, kilo moja ya nyama yake inabeba kama miligramu 26 hadi 38. Salmoni wa kufugwa ana kama miligramu 6 hadi 8 kwa kilo, na hizo anazipata kwa sababu zimewekwa kwenye chakula chake, mara nyingi zikiwa zimetengenezwa kiwandani. Bila hivyo nyama yake ingekuwa na weupe wa kijivujivu. Marekani wameiruhusu rangi hii kwenye chakula cha samaki. Na wafugaji wana kadi maalum yenye vipande vya rangi vilivyopangwa kwa namba, wanailinganisha na mnofu kama fundi anavyolinganisha rangi ya ukuta, maana mnunuzi akiona salmoni aliyepauka anamrudisha.

Mi nikichemsha kamba huwa napenda kusimama juu ya sufuria niangalie. Anaingia akiwa wa kijivu, unaweza karibu kuona upande wa pili, alafu joto likishika sehemu nyembamba zinaanza, ndevu, miguu, kingo za mkia, wekundu unatambaa kuelekea mgongoni na ndani ya dakika chache kamba mzima amebadilika. Hakuna rangi iliyoongezwa pale. Astaksanthini ilikuwepo tangu mwanzo, imekumbatiwa na protini, na kule kukumbatiwa kunaikunja na kuibana kiasi kwamba inaonekana ya bluu au kijivu. Joto linaharibu protini, rangi inaachiwa, wekundu unatoka. Kwa kamba kochi, yule mkubwa wa bluu iliyoiva, protini hiyo inaitwa krustasianini, na wanasayansi wamehangaika nayo miaka na miaka. Richard Kuhn na mwenzake Sörensen waliichambua rangi ya kamba kochi mwaka 1938, na Nobeli ya kemia ya mwaka huo huo ndiyo aliyopewa Kuhn kwa kazi yake ya karotenoidi na vitamini, lakini umbo kamili la kipande cha hiyo protini kikiwa kimeshikilia rangi lilikuja kuonekana mwaka 2002. Zaidi ya miaka 60 kwa ajili ya swali la kwa nini kamba kochi anageuka mwekundu! Mi nikisoma vitu kama hivi nafurahi kweli.

Sasa moyo unaingiaje hapa.

Mafuta yakikaa hewani yanachacha, kila mpishi anajua ile harufu. Kinachotokea ni oksijeni kushambulia minyororo ya mafuta, moja ikishaharibika inaharibu ya jirani, na hivyo hivyo inaendelea. Kemia hiyo hiyo inaweza kutokea ndani ya ukuta wa mshipa wa damu. LDL, kile kibeba kolesteroli ambacho tumezoea kukiita mafuta mabaya, kinapenya chini ya ngozi ya ndani ya mshipa, kinanasa pale, mafuta yake yanachacha, na seli za ulinzi zinaanza kukimeza kama uchafu wa kusafishwa. Zinameza mpaka zinavimba na kujaa mafuta tele, chini ya hadubini zinaonekana zina povu. Hizo seli zikirundikana ndo mwanzo wa ule uvimbe wa mafuta ambao miaka mingi baadaye unaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake, na mtu akapata mshtuko wa moyo au kiharusi. Daniel Steinberg na wenzake waliiandika picha hii kwa nguvu sana mwaka 1989 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, na kutoka hapo wazo likawa rahisi mno kichwani mwa kila mtu: kama tatizo ni mafuta kuchacha, tumpe mtu kitu cha kuzuia kuchacha.

Na ukiitafuta molekuli ya kufanya kazi hiyo, astaksanthini ina sifa zote kwenye karatasi. Beta-karotini, ile rangi ya karoti, inajificha katikati ya utando wa seli, kwenye mafuta. Astaksanthini ina vichwa viwili vinavyopenda maji, kimoja kila mwisho, na katikati mkia mrefu unaopenda mafuta, kwa hiyo inasimama wima na kupita utando mzima kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikigusa maji pande zote mbili. Kwenye majaribio ya maabara karotenoidi za aina ya beta-karotini zinaweza kuuvuruga mpangilio wa utando, hii haiuvurugi na bado inapunguza kuchacha. Ni kitu cha kupendeza sana kimuundo na sishangai watu wa kemia kuipenda.

Hapa ndo namba maarufu inapoingia. Utakutana na sentensi kwamba astaksanthini ina nguvu mara 6,000 kuliko vitamini C. Namba hiyo haikutungwa hewani, ilitoka kwenye jaribio la maabara la Wajapani lililochapishwa mwaka 2007. Ila angalia walikuwa wanapima nini. Walipima uwezo wa kuzima aina moja tu ya oksijeni, ile iliyochangamshwa, ambayo kwa kawaida inazaliwa pale mwanga mkali unapopiga rangi zinazounyonya. Unakumbuka yule mwani na ngao yake ya jua? Bila shaka rangi aliyoitengeneza kwa ajili ya jua itang'ara kwenye mtihani wa jua. Ndani ya mshipa wa moyo wako ni giza. Mafuta yanachachishwa kule na vitu vingine, vimeng'enya vya seli za ulinzi, chuma, radikali huru (molekuli zisizotulia zinazoharibu jirani zao) za aina mbalimbali, na kwenye hizo vita vitamini C ina mchango wake mkubwa kwenye maji ya damu ambako astaksanthini haiwezi hata kuyeyuka.

Alafu kuna suala la wingi. Mtu anayekula vizuri ana vitamini C kwenye damu yake mamia ya mara zaidi ya astaksanthini utakayoipata kwa mtu anayemeza kapsuli kila siku. Kwa hiyo hata kama kila chembe ingekuwa hodari kiasi gani, jeshi lenyewe ni dogo sana. Hiyo namba ya 6,000 kuiweka kwenye lebo karibu na picha ya moyo ni kumpotosha mtu, na nalisema hili nikiwa naipenda hii molekuli.

Tafiti kwa binadamu zipo, na zinastahili kusomwa kwa heshima. Mwaka 2000 kundi la Wajapani liliwapa watu wachache wenye afya njema dozi tofauti kwa wiki 2, wakatoa damu, wakaona LDL ilichukua muda mrefu zaidi kuanza kuchacha kwenye chupa ya maabara. Mwaka 2010 ukaja utafiti wa Yoshida na wenzake, watu 61 wasio wanene ambao trigliseridi zao, yaani mafuta ya kawaida ya kwenye damu, zilikuwa juu kidogo, wiki 12, wengine kidonge kisicho na dawa na wengine miligramu 6, 12 au 18 kwa siku. Trigliseridi zilishuka kwa waliopata 12 na 18, HDL, ile kolesteroli tuliyozoea kuiita nzuri, ikapanda kwa waliopata 6 na 12. Sio mabaya hata kidogo. Lakini mwaka 2015 Ursoniu na wenzake walipokusanya majaribio yaliyokuwepo na kuyapima kwa pamoja, kwenye kolesteroli na trigliseridi hawakupata badiliko la kueleweka, ila sukari ilishuka kidogo tu.

Sasa jiulize, kwenye tafiti zote hizo nani alihesabu mishtuko ya moyo? Hakuna. Watu 61 kwa wiki 12 huwezi kuhesabu mishtuko ya moyo, unahesabu namba za damu. Na namba ya damu kuwa nzuri na mtu kutokufa ni vitu viwili tofauti, jambo ambalo dunia imejifunza kwa gharama kubwa, na ndiyo sehemu ya hii stori ambayo naomba usiiruke.

Miaka ya 80 wazo la antioksidanti lilikuwa limewaka. Waliokuwa na beta-karotini nyingi kwenye damu walionekana kupata saratani na magonjwa ya moyo kidogo kuliko wengine. Ikaonekana jambo limeisha, tuwape watu vidonge. Finland wakachukua wanaume 29,133 wavutaji sigara wa miaka 50 hadi 69, baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Majibu yalitoka mwaka 1994 na yalikuwa kinyume cha matarajio ya kila mtu, waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 na vifo kwa jumla viliongezeka kwa asilimia 8. Watu wakasema labda ni bahati mbaya. Marekani nako kulikuwa na jaribio linaitwa CARET, watu 18,314, wavutaji, walioacha, na waliofanya kazi kwenye asibesto, wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda, saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28 na vifo juu kwa asilimia 17. Mwaka huo huo jaribio la madaktari wa kiume 22,071, nusu yao wakimeza beta-karotini kila baada ya siku moja kwa miaka kama 12, likaonyesha hakuna faida wala madhara.

Hizi sio habari za astaksanthini, najua, na sidai kwamba astaksanthini inaleta saratani, hakuna ushahidi wa hivyo. Ninachosema ni kwamba beta-karotini ni ndugu yake wa damu, ilikuwa na nadharia nzuri, namba nzuri za maabara na tafiti nzuri za uangalizi (za kuwafuatilia watu tu bila kuwapa kitu), kuliko hata alivyo navyo huyu mdogo wake leo, na bado ilianguka mtihani pale watu halisi walipofuatiliwa miaka halisi.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote kwenye mada hii ni la Uingereza, Heart Protection Study, la mwaka 2002. Walikuwa watu 20,536 walio kwenye hatari kubwa ya moyo. Uzuri wake ni namna lilivyopangwa: watu hao hao waligawanywa mara mbili, kwanza nani apate dawa ya kolesteroli simvastatini miligramu 40 na nani apate kidonge kisicho na dawa, alafu tena kivyake nani apate mchanganyiko wa antioksidanti, vitamini E miligramu 600, vitamini C miligramu 250 na beta-karotini miligramu 20, na nani asipate. Miaka kama 5. Kwa hiyo una mashindano mawili ndani ya uwanja mmoja, watu wale wale, hospitali zile zile, wahesabuji wale wale. Vitamini zilipanda kweli kwenye damu za waliopewa, yaani watu walimeza, hakuna wa kusingizia kwamba hawakumeza. Na hazikupunguza chochote, si mshtuko wa moyo, si kiharusi, si saratani, si vifo. Ile dawa ya kolesteroli upande wa pili ilipunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa karibu robo.

Robo. Kidonge kisicho na rangi ya kuvutia wala stori ya bahari.

Nina shangazi yangu ambaye ana presha na kolesteroli na anameza dawa zake asubuhi na jioni. Alinitumia picha ya kichupa cha kapsuli nyekundu akaniuliza, "Mwanangu, haya si ndiyo yanasafisha mishipa? Nataka nipumzike na zile za hospitali, zinanichosha." Nikampigia palepale. Nikamwambia shangazi, hicho kichupa ukikitaka tutakiongelea, ila zile za hospitali usiguse kuziacha mpaka umekaa na daktari wako, kama zinakuchosha mwambie hivyo hivyo, zipo za aina nyingi anaweza kukubadilishia au kupunguza dozi. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Sasa mbona wameandika moyo hapa?" Swali zuri kuliko yote. Wameandika moyo kwa sababu sehemu nyingi sheria za virutubisho vya kwenye chupa haziwadai uthibitisho ambao dawa inadaiwa. Inatakiwa isikudhuru, basi, kukusaidia ni habari nyingine. Na kwenye kutokudhuru astaksanthini iko vizuri, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2020 walisema miligramu 8 kwa siku kwenye kirutubisho ni salama kwa mtu mzima.

Ukisoma lebo na hesabu mkononi mambo mengine yanajitokeza. Kapsuli nyingi za mafuta ya krili zina astaksanthini chini ya miligramu 1, ule wekundu unaouona unatosha kupaka rangi tu, ukilinganisha na 12 za kwenye utafiti wa Yoshida. Na ukitaka hizo 12 kutoka kwa samaki, utakula gramu 315 hadi 460 za salmoni mwekundu wa Pasifiki kila siku, au kilo moja na nusu hadi mbili za salmoni wa kufugwa. Kila siku! Kwa hiyo mtu akikwambia samaki ni mzuri kwa moyo kwa sababu ya astaksanthini, hesabu inakataa. Kiasi unachokipata kwa mlo wa kawaida ni kidogo sana kuliko kilichojaribiwa.

Na bado samaki kwenye moyo ana kesi yake, yenye ushahidi mzito zaidi kuliko rangi. Mwaka 1989 lilichapishwa jaribio la wanaume 2,033 waliokuwa wamepona mshtuko wa moyo, walioambiwa wale samaki wa mafuta angalau mara mbili kwa wiki vifo vyao vilipungua kwa asilimia 29 ndani ya miaka 2. Watu wakafurahi mno. Baadaye watafiti wale wale wakafanya jaribio jingine kwa wanaume 3,114 wenye maumivu ya kifua ya moyo, matokeo ya mwaka 2003, na faida haikuonekana, tena waliopewa kapsuli za mafuta ya samaki walifanya vibaya zaidi kwenye vifo vya moyo. Naliweka hili hapa maana wengi wakiandika wanaweka la kwanza na kulifukia la pili. Mwaka 2021 ulikuja uchambuzi wa watu 191,558 kutoka nchi 58, na humo waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa wakila samaki kama gramu 175 kwa wiki, milo miwili hivi, walipata matukio ya moyo na vifo vichache kuliko wasiokula, na samaki wenye mafuta ndio walioonekana kufanya vizuri zaidi. Kwa watu wasio na ugonjwa tofauti haikuonekana. Ni uangalizi, sio jaribio, ila ni watu wengi na nchi nyingi.

Sasa angalia hao samaki wenye mafuta ni akina nani. Sadini, makareli, heringi. Nyama zao ni za kijivu na kahawia, hazina huo wekundu wa salmoni kabisa. Kwenye bahari hiyo hiyo kuna salmoni wa aina ya king ambao wana nyama nyeupe, wamezaliwa hivyo, vinasaba vyao haviwaruhusu kuihifadhi rangi kwenye msuli japo wanakula chakula kile kile na wenzao wekundu, na omega-3, yale mafuta ya samaki yanayosifika, wanayo. Nikiwa mbele ya sahani mbili za hao samaki, mmoja mweupe na mmoja mwekundu, kwa ajili ya moyo wangu sioni sababu ya kugombania mwekundu. Anachofanya samaki, kwa maoni yangu, kinatokana na mafuta yake ya omega-3, protini yake, na jambo moja ambalo tafiti zinapata shida kulipima, kwamba siku umekula samaki hujala soseji.

Kwa anayetaka kula kapsuli hata hivyo, na ni haki yake, ameze na chakula chenye mafuta, tumbo tupu linaipoteza nyingi. Mvuta sigara inamwishia mwilini haraka kuliko asiyevuta, na kwake yeye kuacha sigara ni jambo ambalo hakuna rangi duniani italikaribia. Na mwenye dawa za kuzuia damu kuganda, hasa warfarini, amwonyeshe daktari hicho kichupa kabla hajakifungua.

Kuna rangi nyingine ambayo haina umaarufu huo lakini baharini ni tele kuliko astaksanthini, ni fukoksanthini. Mwani wa kahawia unakuwa wa kahawia kwa sababu yake, imelala juu ya kijani cha klorofili na kuifunika. Ukichovya mwani wa kahawia kwenye maji ya moto sana unaweza kuona kwa macho yako unageuka kijani kibichi papo hapo, maana ule mshikamano wa rangi na protini umevunjika, karibu hadithi ile ile ya kamba. Kwenye panya fukoksanthini imefanya mambo ya kusisimua, Wajapani wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walionyesha mwaka 2005 kwamba inayafanya mafuta meupe ya tumboni yaanze kuchoma nishati kama joto. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba, na ikiingia tumboni inageuzwa kuwa fukoksanthinoli kabla haijafika kwenye damu, kwa hiyo hata jaribio la kuimwagia kwenye seli za maabara linakuwa linapima kitu ambacho damu yako haikioni.

Mwani mzima kama chakula nao una data yake. Japan wamefuatilia watu zaidi ya 86,000 kwa miaka mingi, na waliokula mwani karibu kila siku walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko wasiokula kabisa, wanawake zaidi ya wanaume, huku kwenye kiharusi tofauti haikuonekana. Humo kuna nyuzinyuzi zinazonasa kolesteroli tumboni, kuna potasiamu, kuna maisha yenyewe ya mtu anayekula mwani kila siku, kuitoa rangi peke yake na kuipa sifa yote ni kuwaonea wengine.

Ila mwani una jambo moja la kushika kwa makini, na linaugusa moyo moja kwa moja, nalo ni madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na wataalamu wa Ulaya wanasema asivuke 600. Kombu, ule mwani mpana mnene wa kahawia wa kuchemshia supu, gramu moja tu iliyokauka inaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000. Madini joto yakizidi hivyo tezi ya shingo inaweza kuvurugika, kwa baadhi ya watu inaanza kumwaga homoni kupita kiasi, na moja ya mambo ya kwanza ambayo homoni hizo zinafanya ni kuuendesha moyo mbio na kuharibu mdundo wake. Yaani mtu anameza vidonge vya mwani wa kelpi kwa ajili ya moyo na vinaingilia mdundo wa moyo kwa kupitia shingoni. Wakame una madini joto machache sana kuliko kombu, nori ndio machache zaidi. Hijiki, ule mweusi wa vijiti vijiti, Uingereza walishawaambia watu wasiule kabisa kwa sababu ya sumu ya aseniki. Na aliyewahi kuambiwa ana shida ya tezi, au moyo wake huwa unaruka mapigo, vidonge vya kelpi aviache dukani mpaka amepima homoni zake na kuongea na anayemtibu.